Nimeivisha Pikipiki ya Mke Wangu Mpaka Ikachemka

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nisaidie kabla Jumamosi haijafika, na nakuomba ukae kitini kwanza kwa sababu yaliyonikuta yanachekesha watu wote isipokuwa mimi, na hata mimi juzi nilijikuta nacheka peke yangu karakanani mpaka sindano ikanichoma kidole.

Mimi ni fundi makochi, huu ni mwaka wa ishirini na tisa katika kazi hii, na mke wangu ni mkunga, tena si mkunga wa kukaa wodini bali wa kuwafuata wajawazito na wazazi majumbani kwao huko juu mlimani ambako gari halifiki, njia ni mawe, tope na mizizi, na miaka yote hiyo amepanda kwa miguu na mkoba wake begani, na watoto wa huko wakimwona kwa mbali wanakimbia kutangaza kwamba aliyewapokea duniani amekuja. Sasa magoti yake yamegoma. Daktari amesema kupanda kwa miguu basi, na mkuu wake wa kituo cha afya, mama mmoja mpole sana, amempa hadi mwisho wa mwezi huu achague, ama apate chombo cha kumfikisha juu, ama ahamie ofisini kupanga mafaili, na Shangazi, mke wangu na mafaili ni paka na maji, hata vyeti vya watoto wetu anavitunza kwenye kopo la biskuti.

Basi alipokwenda kwenye mafunzo ya wiki nzima nikaona ndiyo nafasi, nikaenda kwa muuzaji mmoja wa pikipiki za magurudumu manne ambaye watu wanamwita Subira kwa sababu hana hata chembe, nikamkuta amesimama katikati ya mbili, moja nyekundu, ndefu, imebinua matako hewani, na moja ya kijani, fupi, pana, imetulia kama ng'ombe anayecheua. Moyo ukaenda kwa nyekundu. Nikasema naitaka ile. Akaniuliza, "Nani ataiendesha?" Nikasema mke wangu. Akasema, "Mlete." Nikasema nataka kumshangaza. Akasema, "Utamshangaza akiwa shimoni! Hiyo ni ya vijana wa mashindano, kwenye mawe itamtupa mama wa watu." Kwa kuwa mimi ni fundi na vipimo vya mke wangu viko kichwani kuliko namba yangu ya simu, akanikalisha kwenye ile ya kijani na kunilazimisha nikunje miguu, nifupishe mikono na nijifanye yeye, wateja wanapita wanatazama, mpaka akaridhika kwamba nyayo zitatulia vizuri, usukani ataukunja hadi mwisho bila kuinuka kitini, na kidole gumba kitafika kwenye kitufe cha mafuta. Akanionyesha gia nzito ya kupandia milima, swichi ya kuzungusha magurudumu yote manne kwa pamoja, bamba la chuma linalokinga tumbo la mashine lisigongwe na mawe, winchi ya kujivutia ukinasa kwenye tope, keria ya mbele na ya nyuma. Nikalipa nikiwa na furaha ya bwana harusi. Naye akanishika bega akaniambia, "Fundi, nakujua kazi yako. Usiongeze kitu, usifunike kitu, mpaka uniulize." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, nimesikia.

Shangazi, nina ugonjwa. Siwezi kuona kitu kiko uchi. Nyumbani kwangu jokofu lina gauni, redio ina shati, rimoti ina soksi, tangi la maji la nje nimelishonea koti lenye kola, na mke wangu huniambia siku moja ataamka akute amepigwa vifungo. Sasa fikiria ile mashine imelala uani siku sita, mvua imeanza, chuma chote kiko nje, na mimi nina jora zima la ngozi bandia ya rangi ya maziwa. Nikaanza na kiti tu, naapa, kiti tu. Kiti kikapendeza, kikafanya pua ya mbele ionekane maskini, nikaishonea pua aproni nene yenye sponji ndani na vifungo ishirini na vinne, aproni ikataka sketi ya kuzuia tope lisimrukie mama, dashibodi ilikuwa na vitaa vingi visivyo na mpango nikaifunika na kuacha kidirisha cha kuonyesha mwendo tu, tairi zilionekana laini kama zimechoka nikazijaza upepo mpaka zikawa ngumu kama meza, na juu ya keria ya nyuma nikamjengea abiria kochi dogo lenye egemeo na mikono, na abiria huyo ni mimi.

Mke wangu aliporudi Jumamosi aliizunguka mara tatu, kisha akaniuliza, "Mume wangu, hii ni pikipiki au ni sebule?" Nikamwambia vyote viwili. Alicheka mpaka akalia, na alipolia nikajua si kicheko peke yake, kwa sababu alinishika mikono yote miwili akasema, "Kumbe nitawaona tena." Jumapili asubuhi tukaondoka, mama mkwe amekaa kwenye kiti mlangoni, shemeji yangu anatufuata kwa miguu na simu yake anapiga video, mke wangu mbele na helmeti, maana pikipiki ya kawaida aliijua tangu usichana wake, mimi nyuma kwenye kochi langu nimemshika kiuno, na raha niliyoisikia kwenye ile tambarare sijaisikia tangu tulipooana. Mlima ulipoanza, pua ya pikipiki ikanyanyuka. Mke wangu akasema "Shuka!" kwa ile sauti anayowaambia waume wanaotaka kuzimia, nikashuka, nikatembea. Hatukufika kwenye njia nyembamba ya kwanza, ikaanza kulia fyuuu, mvuke ukatoka chini ya aproni, mama mmoja aliyekuwa shambani akauliza tunapika nini. Mke wangu akazima injini, akatuambia tukae mbali, akangoja ipoe. Halafu akavua glovu moja, akapitisha kiganja polepole juu ya ile pua, kifungo kwa kifungo, akaniangalia, akasema, "Umeshona vizuri sana, mume wangu." Tukarudi kwa miguu akiwa ameniegemea, njia nzima anaimba wimbo kwa sauti ya chini.

Hapa ndipo nilipoharibu. Shemeji aliniuliza kimetokea nini, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu, nikasema nimeuziwa galasa. Jioni tulipoivuta hadi nyumbani nikainua aproni peke yangu nikakuta feni imemeza sponji na uzi na rejeta imezibwa yote, nikajua mbovu si mashine, mbovu ni mimi, lakini shemeji alikuwa ameshaisambaza video na neno "tahadhari," na watu wawili waliokuwa wameagiza kwa Subira wamejitoa. Subira ametuma salamu kwamba Jumamosi anakuja mwenyewe, ataifungua mbele ya kila aliyesikia. Na jana, Shangazi, kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa nimekuta barua ya mke wangu kwa mkuu wake kwamba anakubali kazi ya mafaili kwa kuwa chombo alichopata hakifai. Haina sahihi bado. Ilikuwa chini ya mkasi wangu mkubwa, ule ninaoutundika ukutani na hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kuugusa.

Sasa nishauri. Nifumue kila kitu kimyakimya Subira asije akakuta, niseme mashine imepona yenyewe? Au niseme ukweli, nichekwe na shemeji mpaka kaburini? Mke wangu ataniona vipi? Tafadhali usiandike jina langu.

Ni mimi, Fundi Aliyechemsha.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Nimekaa kitini kama ulivyoniagiza, na kiti changu hakina kitambaa, kwa hiyo nakuomba usipite ofisini kwetu.

Umesema nisiandike jina lako na sikuliandika. Lakini hebu niambie, katika mji wenu kuna wanaume wangapi waliolishonea tangi la maji koti lenye kola? Gazeti hili linatoka Ijumaa. Saa nne asubuhi liko dukani, saa tano shemeji yako ameshalipiga picha. Ukitaka mkeo asikie kwa mdomo wako na si kwa wangu, una muda wa chai moja tu. Koti hilo nimeliacha kwenye barua makusudi.

Mambo ya injini siyajui, na kuuliza si ujinga, somo ambalo wewe ulilikwepa. Nilichukua barua yako nikavuka barabara kwa fundi wa gereji inayotazamana nasi. Alisoma vizuri hadi kwenye vifungo ishirini na vinne, akashindwa, akakaa juu ya tairi, akafuta machozi kwa tambara la oili na uso wote ukawa mweusi. Alipopata pumzi alinieleza kwamba rejeta inapoza maji ya injini kwa upepo unaopita pale mbele, na feni inasaidia, na wewe upepo umeuzibia na feni umeilisha sponji. Taa nyekundu ya kuonya joto iliwaka, bila shaka iliwaka, chini ya kile kitambaa chako cha dashibodi. Mashine ilikuwa inapiga kelele ndani ya gauni. Kisha, kwa kuwa alikuwa na moja kama ya mkeo imekuja kubadilishwa oili, nilimwomba niikalie kidogo nielewe. Nimezunguka uwanja wa gereji mara saba. Mhariri alitoka nje kuniita na nilimpungia mkono nikapita. Kwa hiyo raha unayoisema naijua, na ndiyo maana nina hasira na wewe.

Hasira yangu si ya mapambo. Mtu aliyekaa siku sita akishona ili tope lisimrukie mkewe sina ubavu wa kumgombeza sana. Hasira yangu ni kwa ajili ya Subira. Mtu huyo alikukataza nyekundu ambayo ingemuua mkeo, akakukunja miguu mbele za watu ili chombo kimfae mtu ambaye hata hakumwona, akakuonya kwa mkono begani, na malipo yake ni kuitwa tapeli kwenye simu za watu kwa kosa la sponji yako. Umeniuliza ufumue kimyakimya. Thubutu! Ukifumua kwa siri, Jumamosi watu watasema ilikuwa mbovu ikapona yenyewe na Subira atabaki tapeli, na njia ya mwongo ni fupi, yako ikiwa fupi zaidi kwa sababu shemeji ana video ya aproni. Mkamate huyo shemeji leo hii, mwambie apige video nyingine, wewe ukiwa mbele ya kamera na sponji mkononi, useme kwa sauti, "Mashine ni nzima, aliyechemsha ni mimi." Atakucheka, ndiyo. Mwache acheke, kicheko hakichubui. Na wale wawili waliojitoa uwafuate wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Halafu Jumamosi Subira akija, usimpe maelezo marefu maana umesema hana subira. Mwombe radhi, kisha mwombe aifungue kweli. Chombo kilichochemka hakiwashwi hivi hivi kwa matumaini. Aitoe feni uzi wote, asafishe rejeta, ajaze maji yake ya kupozea, aangalie kama joto halikuharibu kitu ndani, abadilishe oili, afungue chujio la hewa maana fundi wangu ana wasiwasi na sponji zako. Tairi uzipunguze upepo leo, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Zile huwa laini ili zikumbatie mawe, na zina kipimo chake kidogo cha upepo ambacho Subira anacho, si kile cha kituo cha mafuta. Ukizifanya ngumu mama wa watu anaruka kama mahindi kwenye kikaango. Sketi itoke, inaweza kunasa kwenye gurudumu. Kitambaa cha dashibodi kitoke, na kila kitaa mkeo akijue jina lake na maana yake.

Na kochi lako la nyuma. Nimelifikiria sana hilo kochi, ndugu yangu, maana ndilo lililonigusa moyo. Litoke. Pikipiki ile ni ya mtu mmoja, uzito wako kule nyuma ndio ulioinua pua mlimani, na siku nyingine haitanyanyuka kidogo tu, itapinduka. Ukitaka kumshika mkeo kiuno, nyumba mnayo. Litie miguu, liweke barazani, mkae wote wawili mkingoja ipoe.

Mkeo naye, hata kama aliijua pikipiki ya kawaida, ya magurudumu manne haikati kona vilevile, na Subira amfundishe kwenye tambarare siku mbili tatu kabla mlima haujamwona. Akipanda aegemee mbele, akishuka arudishe mwili nyuma na aache gia nzito imshikilie, breki aziguse taratibu. Helmeti anayo, vizuri. Ongeza miwani ya kuzuia vumbi na buti zinazopita kifundo cha mguu. Kila asubuhi kabla hajaondoka aangalie oili, breki, upepo na nati, na tope la jana litoke kwenye rejeta. Hiyo kazi ya asubuhi ifanye wewe. Utapata nafasi ya kuishika kila siku bila kuivisha kitu.

Najua mikono yako itawasha. Kwa hiyo nakupa kazi, na hii nimeafikiana na fundi wa gereji. Mshonee mkoba wa vifaa vyake vya uzazi, wa kufungwa kwenye keria ya mbele, usiopitisha maji, wenye sponji yako yote unayotaka ndani, kila mkasi na kila chupa na nyumba yake, mikanda minne ya kuubana usitikisike mawe yakianza. Pembeni uwe na mfuko wa spana, plagi ya akiba, pampu ya mkono, viraka, kamba na tochi. Keria ina uzito wake wa mwisho umeandikwa, usiuzidishe. Kiti unaweza kukiacha na ngozi yako, ila iwe ya kushika na si ya kuteleza. Tazama, nimekuachia mengi. Tena vifungo viweke hata hamsini.

Sasa tuje kwenye swali lako la mwisho, mkeo atakuona vipi. Fundi, umelala miaka yote hiyo pembeni ya mkunga na bado hujui kwamba mficha uchi hazai? Mwanamke huyu anaweka kiganja juu ya tumbo na kukwambia mtoto amelala upande gani. Akavua glovu, akakipitisha kiganja hicho hicho juu ya pua ya mashine, kifungo kwa kifungo, juu ya sponji nene kama godoro, halafu wewe unadhani hakujua kilichozibwa? Alijua palepale njiani. Ndiyo maana alikuangalia kabla ya kusema umeshona vizuri. Ndiyo maana aliimba njia nzima, kwa sababu alijua chombo chake ni kizima na dawa yake ni nyepesi. Mtu aliyekosa kazi anayoipenda haimbi. Alikuwa anakupa nafasi useme mwenyewe, na wewe ukasema galasa.

Akangoja. Hukusema. Akaandika barua ya mafaili. Mtu aliyekata tamaa kweli hutia sahihi na kuipeleka kwa mkuu wake. Yeye hakuitia sahihi na hakuipeleka kwa mkuu wake, ameileta mezani kwako. Tena akaenda ukutani kwenye ule mkasi ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa, akauweka juu ya karatasi. Nawe ukadhani ametafuta cha kuzuia isipeperuke.

Funga gazeti. Mwite aje uani, asimame karibu aone, akikucheka umsubiri amalize. Kisha mwambie ni wewe, na ukate kila mshono mbele yake, ukianzia puani. Mkasi ameshakutungulia.